Jengo Lisilokwisha Kuzinduliwa

Nchi ya Tulivuni usiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walifika mpakani, wakaambiwa wasubiri kibali, na nasikia wengine wangali pale pale wanasubiri. Lakini ipo, na watu wake wana raha tele, maana redio huwaambia hivyo kila jioni na hajatokea wa kubisha.

Mwaka yalipotokea mambo haya, watoto wa Tulivuni walianza kunyamaza. Sisemi kunyamaza kwa adabu. Mtoto alilala na homa ndogo ya kawaida, akaamka homa imeshuka, akanywa uji wake, akatoka kucheza, hata akacheka, ila kicheko kilikuwa hakina sauti. Maneno yalikuwa yamekwenda. Ukimwuliza jina lake anakutazama tu, macho yamejaa majibu, na kinywa hakitoi kitu.

Serikali haikuona tatizo. Wakaguzi wa shule walirudi mjini wakisifu madarasa ambamo ungeweza kusikia chaki ikiandika. Waziri wa Afya, Utulivu na Majengo, Mheshimiwa Lubango, alitangaza kwamba hayo ni matunda ya malezi bora. Methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkuu ikaondolewa vitabuni kwa kuwa ilionekana ya kichochezi. Na ukiuliza mbona watu wazima hawakuugua, jibu ni jepesi: watu wazima wa Tulivuni walikuwa wamekwisha kunyamaza zamani, kwa njia zao wenyewe.

Mambo yalibadilika siku ya kuzaliwa ya Mlezi Mkuu wa Taifa. Mjukuu wake alisimama kughani shairi la kumsifu babu, akafungua kinywa, akakifunga. Wageni wakatazama sahani zao. Kabla keki haijakatwa, jambo lililokuwa matunda ya malezi bora likawa janga la kitaifa, na amri ikatoka kwamba lijengwe jengo la utafiti wa magonjwa ya watoto, la kisasa kuliko yote. Mjukuu mwenyewe alipelekwa ng'ambo wiki ile ile, akatibiwa, akarudi anaongea kama kasuku. Jengo likabaki limeagizwa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumkumbusha Mlezi Mkuu kwamba halihitajiki tena.

Kazi ya kulichora ilimwangukia Bi Sikitu, msanifu majengo ambaye mpaka siku hiyo alikuwa amesanifu soko moja na vyoo vya stendi. Wasanifu wakubwa waliikwepa, wakijua kazi ya Mlezi Mkuu ikiharibika huharibika pamoja na mwenyewe. Sikitu aliiomba. Aliiomba kwa kupanga foleni wizarani, kwa kupigiwa kelele na makarani, kwa kurudi tena na tena, mpaka wakampa ili wapumzike.

Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa na miaka sita na iliitwa Chiku. Jina halikukosea mwenyewe. Chiku alisema akila, alisema akioga, alisema akisinzia, na swali lake la mwisho mara nyingi lilikatwa na usingizi katikati: "Mama, hivi samaki akitaka kunywa maji..." Kisha homa ikaja, ikakaa siku mbili, ikaondoka na kila kitu. Sikitu, ambaye aliwahi kumwambia mwanawe hebu nyamaza kidogo kichwa kinaniuma, sasa angeitoa hiyo nyumba anayokaa apate swali moja la kipumbavu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Baba yake Chiku hakuwepo. Zamani kidogo aliuliza swali kwenye mkutano wa hadhara, na kabla ya juma kwisha aliteuliwa balozi katika nchi ambayo wizara bado inaitafuta. Tulivuni haina mfungwa hata mmoja, naomba hilo lieleweke. Ina mabalozi.

*

"Bi Sikitu, ukiniuliza nataka maabara ya namna gani, jibu lolote nitakalokupa litakuwa uongo," alisema Dakta Ngwali siku ya kwanza walipokutana. Alikuwa bingwa wa magonjwa ya watoto, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa miaka ya kuongea na wagonjwa wafupi. "Leo nadhani ni kijidudu cha hewani. Kesho naweza kugundua ni maji. Kesho kutwa ni kitu kilichomo kwenye unga. Siwezi kubomoa nyumba kila ninapobadili wazo."

"Basi nyumba ndiyo ibadilike," alisema Sikitu.

Akaenda akachora, na kwa mara ya kwanza tangu Chiku anyamaze alijisikia yuko hai. Alichora kuta zinazotembea kwenye reli, ili vyumba vitatu viwe kimoja, na kimoja kiwe vitano. Meza za kazi zilikuwa na magurudumu. Umeme, maji na gesi vilishuka kutoka darini kwa mikono ya chuma, ili meza isimame popote na isikose kitu. Madirisha ya ndani aliyaweka chini, usawa wa macho ya mtoto, ili mtoto anayetolewa damu amwone mama yake upande wa pili. Vitanda navyo vilikuwa na magurudumu. Dakta Ngwali alipoiona michoro alisema angekuwa na jengo kama hilo miaka kumi iliyopita, kuna watoto ambao majina yao asingelazimika kuyakumbuka.

Kitu alichojivunia Sikitu kuliko vyote ni hewa. Watoto wenye ugonjwa wa kuambukiza hukaa kwenye chumba kinachovuta hewa ndani na kuipitisha kwenye chujio, wasiambukize wengine. Watoto waliodhoofika hukaa kwenye chumba kinachosukuma hewa nje, vumbi la mtaani lisiwafikie. Kwa kawaida hivyo ni vyumba viwili tofauti. Sikitu akaviunganisha: chumba kimoja, feni zinazoweza kugeuka, na kitufe kimoja kikubwa cha kijani ukutani, karibu na mlango mkuu. Ukikibonyeza, jengo linavuta. Ukikibonyeza tena, linapuliza.

"Hiki kisichezewe," alisema Dakta Ngwali, akigonga mchoro kwa kidole. "Wagonjwa wangu wakiwa ndani, hewa iingie tu. Ikigeuzwa haipiti kwenye chujio. Walichonacho wao watakivuta walioko nje."

"Nani atakichezea?" aliuliza Sikitu. Msimcheke. Alikuwa mtu wa vyoo vya stendi, hakuwa amewahi kujenga kitu kinachozinduliwa.

*

Bodi ya Majengo ilikaa chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa Lubango. Waziri huyu alikuwa mtu mnene wa sauti nyororo, aliyependwa na vipaza sauti vyote vya nchi. Alisikiliza maelezo ya Sikitu huku macho yamefumba, mpaka ilipofika habari ya kuta za reli. Hapo akafumbua jicho moja.

"Ukuta unasogea?"

"Unasogea, Mheshimiwa."

Wakili wa Bodi akakohoa. Akakumbusha wajumbe kwamba Sheria ya Majengo ya Tulivuni inasema jengo ni kuta zake mahali zilipo. Ukuta ukihama, kisheria lile jengo la mwanzo halipo tena. Lililopo ni jengo jipya, na jengo jipya haliruhusiwi kutumika kabla ya kuzinduliwa na kiongozi.

Sikitu alianza kukunja michoro yake. Alidhani mpango wake umekufa. Lakini Mheshimiwa Lubango alikuwa amefumbua jicho la pili, na uso wake uling'ara, maana serikali ilikuwa imeahidi hospitali ya watoto kwa kila wilaya na haikuwa imejenga hata kibaraza.

"Ndugu wajumbe!" alisema, akiinuka. "Mataifa mengine yakitaka majengo mengi hujenga majengo mengi. Huo ni ushamba wa kimaendeleo! Sisi tutajenga moja, na tutalisogeza, na tutalizindua, na tutalisogeza tena, mpaka liienee nchi nzima bila kutoka mahali pake! Mpigieni makofi mama huyu!"

Wakapiga. Sikitu naye akapiga, kwa sababu wenzake walikuwa wanapiga, na kwa sababu jengo la mwanawe lilikuwa limepita. Mengine aliona yatajulikana mbele ya safari.

Jengo likasimama haraka, kwa vile Mlezi Mkuu alikuwa bado hajalisahau. Siku ya uzinduzi wa kwanza Afisa Itifaki alizunguka kuta zote mara mbili akiwa amekunja uso, kisha akamwendea Sikitu.

"Bi Msanifu, kitufe kiko wapi?"

"Kitufe gani?"

"Cha Mheshimiwa kubonyeza." Alimtazama kama anayemtazama mtu aliyejenga nyumba akasahau mlango. "Daraja lilizinduliwa kwa kitufe. Bwawa, kwa kitufe. Kisima cha kamba na ndoo kule bondeni tulikifungia kitufe. Wewe unataka Mheshimiwa aingie hivi hivi, kidole kikiwa mfukoni?"

Kisha akakiona kile cha kijani.

"Kile si cha sherehe," alisema Sikitu. "Kile kinageuza hewa. Ni hatari wagonjwa wakiwa—"

"Kinabonyezeka?"

"Kinabonyezeka, lakini—"

"Basi."

Mheshimiwa Lubango akakibonyeza mbele ya umati. Feni zikabadili mlio, jengo zima likatoa pumzi ndefu, na watu wakashangilia, kwa sababu hawakuwahi kuona jengo la serikali likifanya kitu. Ndani hakukuwa na mgonjwa bado. Hakuna aliyedhurika, na hilo ndilo lililoharibu mambo: jambo likishafanyika Tulivuni mara moja bila madhara huitwa mila.

*

Watoto wagonjwa wakaletwa, Chiku miongoni mwao. Dakta Ngwali alifanya kazi mfululizo, na baada ya muda akamwita Sikitu kwenye dirisha lake la chini.

"Ni kijidudu, na kinasafiri kwa hewa," alisema. "Na nina dawa inayoelekea kukiweza. Ni chungu na ni ya polepole. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, na isikatishwe. Ninachoomba tu ni hawa watoto watulie mahali pamoja."

Hilo ndilo hakulipata. Mwezi haukupita bila kuta kusogezwa. Jengo likawa Hospitali ya Meno ya Watoto ya Wilaya ya Kusini, likazinduliwa. Likawa Kituo cha Lishe cha Wilaya ya Magharibi, likazinduliwa. Kila mara darubini na majokofu yalisukumwa uani yakafunikwa turubai, na vitanda, kwa vile Sikitu alivitilia magurudumu kwa huruma, vikasukumwa kutoka chumba hadi chumba na watoto juu yake, wameshika pembe za shuka. Chiku alimtazama mama yake kupitia dirishani kila alipopitishwa, na mama alimpungia mkono na kutabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Na kila mara kidole cha kiongozi kilikibonyeza kile cha kijani, Dakta Ngwali akalalamika bure kwa Itifaki, na sherehe ilipoisha akakirudisha.

Nje palikuwa na kwaya. Uzinduzi bila kwaya ya watoto Tulivuni ni kama pilau bila wali. Wa kuongoza sauti alikuwa Sudi, mtoto wa jirani yake Sikitu, kijana wa miaka tisa mwenye koo la mwadhini, ambaye kabla ya ugonjwa alikuwa akicheza na Chiku uani kila jioni. Jua lilikuwa kali, na Afisa Itifaki, ambaye tusimnyime sifa yake, alikuwa na watoto mwenyewe. Aligundua kwamba kwenye matundu ya ukuta wa mashariki hutoka upepo wa baridi mzuri kila kitufe kinapobonyezwa. Akaamuru kwaya isimame pale pale, mbele ya matundu, wapate kupumua.

Baada ya uzinduzi wa Kituo cha Lishe, mama Sudi alibisha hodi kwa Sikitu asubuhi. Hakuingia. Alisimama mlangoni, kanga kaishika kwa mikono miwili.

"Jirani, Sudi ameamka hasemi," alisema. "Wote wa kwaya. Nimezunguka nyumba zao zote. Wewe una mtu kule kwenye jengo, hebu niulizie, kuna dawa?"

Sikitu aliyaona yale matundu ya ukuta wa mashariki. Yeye ndiye aliyeyachora.

"Nitakuulizia," alisema, na mama Sudi akamshukuru, na shukrani hiyo ilimchoma kuliko tusi.

*

Walikwenda kwa Waziri wote wawili, Sikitu na Dakta Ngwali. Mheshimiwa Lubango aliwapokea vizuri. Chai ililetwa, na vitumbua. Daktari alieleza yote kwa utaratibu: kijidudu, feni, kitufe, matundu, kwaya. Alipomaliza, Waziri aliweka kikombe chini polepole sana.

"Hebu nirudie nisije nikakosea," alisema. "Unaniambia kwamba nikibonyeza kile kitufe, watoto waliosimama mbele ya matundu wananyamaza?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kwa hiyo tunaomba kisiguswe tena, kamwe."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Na kwa muda gani?"

"Bila dawa, hatujui. Pengine maisha."

Waziri akaitikia kwa kichwa. Alitazama dirishani, ambako wanafunzi wa sekondari walikuwa wanapita wakibishana na kucheka kwa sauti, kama wanavyofanya wa rika hilo. Aliwatazama mpaka wakapotea.

"Na watu wazima, Daktari?"

"Watu wazima hakiwapati. Mpaka sasa."

"Mpaka sasa," alirudia Mheshimiwa Lubango, kwa sauti ile nyororo. "Mnajua, watoto ndio taifa la kesho. Mimi nimekuwa nikijiuliza siku nyingi, hilo taifa la kesho litakuwa linasema nini."

Dakta Ngwali akasimama. Nampenda kwa hilo. Alisema kwa sauti ya juu kwamba yeye ni mganga, kwamba jengo lile lilijengwa kurudisha sauti, na kwamba atapanda kwenye jukwaa lolote kusema hivyo. Waziri hakukasirika hata kidogo. Alimpa mkono wa pongezi na kumwambia kwamba mtu mwenye ufasaha wa namna hiyo anapotea bure maabara, nchi inamhitaji katika ubalozi.

Walimruhusu apite wodini kukusanya vitu vyake. Mlangoni, huku watu wawili wa suti wakimngojea, alimpa Sikitu mfuko wenye chupa za dawa.

"Zinamtosha Chiku, na zinabaki za kuanzia kwa mwingine mmoja," alisema haraka. "Namna ya kuitengeneza nimemfundisha muuguzi wa zamu, anaiweza. Sikiliza, mama Chiku. Neno la kwanza la huyu mtoto, lisemwe mbele ya watu. Watu wakisikia kwa masikio yao kwamba dawa ipo, hili halizimiki tena. Umenielewa? Mbele ya watu."

"Nimeelewa, Daktari."

Akainamisha mabega yake akaingia garini. Wizara bado inaitafuta nchi yake.

Kesho yake Mheshimiwa Lubango alimwita Sikitu peke yake. Safari hii hapakuwa na vitumbua.

"Nimeambiwa binti yako yupo wodini na dawa inaendelea," alisema. "Vizuri sana. Serikali haimtoi mtoto kwenye matibabu. Labda mama yake aache kazi, hapo kitanda kitakuwa hakina mwenyewe." Akafungua kiganja, kama mtu anayesikitikia hali ya hewa. "Jengo lako ni la kugeuzika, na ninakupongeza. Sasa ligeuze mara moja tu. Matundu yasiishie ukutani. Yavutwe kwa bomba mpaka Uwanja wa Heshima. Watoto wa shule zote za mji watakuwepo, na Mlezi Mkuu atabonyeza mwenyewe."

Laiti ningeweza kusema Sikitu alikataa. Alikwenda nyumbani, akanawa uso, akachora. Alijiambia anajinunulia muda. Alijiambia dawa ikimaliza kazi atasema yeye mwenyewe, hata wamteue balozi, na mama Sudi alipouliza alimjibu kwamba bado anaulizia. Kila jioni alipita wodini na kijiko chake, na Chiku alikunja uso kwa uchungu wa dawa na kumeza, na mkono wa Sikitu uliokuwa na wino wa mchoro wa bomba ulimfuta mdomo. Usingizi ulimhama. Alijichukia, na akaendelea kuchora, na mistari ilikuwa mizuri.

*

Siku ya Utulivu wa Mtoto, Uwanja wa Heshima ulijaa. Watoto walipangwa safu kwa safu, sare zimepigwa pasi, mbele ya bomba kubwa lililopakwa rangi za bendera. Safu ya kwanza walikuwa kwaya ya zamani, wakiongozwa na Sudi. Walikuwa wamefundishwa kufungua na kufunga midomo huku wimbo ukitoka kwenye vipaza sauti, ulioimbwa na wao wenyewe mwaka uliopita. Walifanya vizuri mno, nani angejua. Nyuma yao walisimama mamia ambao bado walikuwa na sauti, wakiwa wamekatazwa kuitumia mpaka sherehe iishe. Wazazi waliwekwa pembeni, nyuma ya kamba, karibu na jukwaa.

Jukwaa liliwekwa upande upepo unakotoka. Itifaki ilikuwa imejifunza.

Kitufe nacho kilikuwa kimevutiwa waya na kuwekwa juu ya kijimeza chenye kitambaa cheupe. Sikitu alikaa safu ya mbele jukwaani, shingoni ana nishani, na pembeni yake Chiku amevaa gauni jipya na ameshika maua. Waziri ndiye aliyetaka hivyo. Mtoto wa Msanifu, mnyamavu, mwenye afya njema, atampa maua Mlezi Mkuu, na taifa litaona kwamba hakuna cha kuogopa.

Mheshimiwa Lubango alihutubia. Alisema kelele ni mama wa fitina. Alisema mataifa makubwa yametumia mali nyingi kutafuta amani, na Tulivuni imeipata kwa feni. Alisema historia itawahukumu waliochelewa. Kisha wimbo ukapigwa, safu ya mbele ikafungua midomo na kufunga, wimbo ukaisha, midomo ikafungwa. Mlezi Mkuu wa Taifa, mzee mdogo aliyezama ndani ya suti, akanyanyuka taratibu. Uwanja ukawa kimya kabisa.

"Mama."

Sikitu alidhani amesikia moyoni. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Akageuka. Chiku alikuwa ametazama uwanjani, amekunja uso, na alikuwa anasema.

"Mama, mbona Sudi anafungua mdomo tu? Mbona haimbi?"

Kitu kilipasuka kifuani mwa Sikitu, furaha kubwa kiasi cha kuuma, alitaka kupiga magoti, alitaka kupiga vigelegele. Mwanangu! Na swali lenyewe lilikuwa lake yule yule Chiku, halina breki, halina adabu, limetua palipo wazi. Alimwona mama Sudi nyuma ya kamba. Alikuwa amesikia. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, macho yamemtoka, anamtazama Sikitu, na kwenye macho yale kulikuwa na neno moja: ipo. Wanawake waliokuwa karibu naye wakaanza kugeuka, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa mbele ya watu, kama Daktari alivyotaka, na kidole cha Mlezi Mkuu kilikuwa bado hakijafika.

Watu wawili wa suti waliokuwa nyuma ya jukwaa walipiga hatua moja mbele. Hatua moja tu. Walikuwa wanamtazama Chiku.

Mheshimiwa Lubango aliinama kutoka kwenye kiti chake, anatabasamu. "Msanifu," aliuliza kwa upole, na kipaza sauti kikaubeba upole wake uwanja mzima, "mtoto amesema?"

Mkono wa Sikitu ulikwenda wenyewe. Ulifunika kinywa cha mwanawe, ukakibana.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema. "Ni mimi nimekohoa. Mwanangu hasemi."

Mlezi Mkuu akaridhika, akabonyeza. Nyuma ya kamba mama Sudi alishusha kanga yake. Feni zikaanza kugeuka, na chini ya kiganja cha Sikitu midomo midogo, yenye joto, iliendelea kuuliza.